Hesabu za sekondari: Kiswahili au zibaki kwa Kiingereza?

Mleta mada, Newala

Wadau, jambo hili linaniuma, nalileta tulijadili. Mnada wa korosho ukishapita na bei ikatangazwa, mzee huitoa stakabadhi yake mfukoni na kumpa mwanawe wa kidato cha pili: "Hebu piga, tusije tukapunjwa." Tuseme ni kilo 240, bei 3,000, makato 200 kwa kilo. Kijana anatazama juu kidogo, midomo inachezacheza, kisha anajibu: laki sita na elfu sabini na mbili. Swali hilohilo akilikuta darasani kwa Kiingereza ananyamaza. Hesabu anaijua, kinachomshinda ni sentensi.

Wanaopinga hesabu kwa Kiswahili husema hii ni elimu ya Wazungu, iache kwa lugha yao. Historia inakataa. Kule Uruk, Iraq ya leo, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, maandishi ya mwanzo kabisa yalikuwa zaidi ya yote kumbukumbu za ghala: shayiri, kondoo, nani kapokea, nani anadaiwa. Kibao kimoja cha udongo kinataja vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37. Na kabla ya vibao, watu wa maeneo yale walifinyanga vidude vya udongo kuwakilisha mali, wakavifungia ndani ya tufe la udongo na kulipiga muhuri. Wakibishana, tufe linapasuliwa, vidude vinahesabiwa mbele ya wote. Mkulima wa Mtwara anayeshika stakabadhi ya ghala ameshika kitu cha ukoo huo.

Elimu hiyo haikukaa kwa lugha moja. Brahmagupta wa India aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa sifuri mwaka 628, kwa Kisanskriti. Al-Khwarizmi wa Baghdad akaeleza tarakimu za Kihindi kwa Kiarabu. Leonardo wa Pisa, Italia, alijifunza tarakimu hizo Bejaia, Algeria, baba yake akiwa kule kwa shughuli za wafanyabiashara wa mji wao, akaandika kitabu mwaka 1202. Kila waliopokea waliihamishia kwao. Kwa nini sisi tukatazwe?

Mchangiaji, Kilwa Masoko

Ndugu yangu, umechagua mifano inayokufaa. Huyo Leonardo aliandika kwa Kilatini, lugha ambayo watu wa Pisa hawakununulia samaki. Na hao wa Iraq: Kisumeri, lugha yao ya kale, kilipokwisha midomoni mwa watu, wanafunzi wa uandishi waliendelea kukaririshwa Kisumeri kwa karne nyingi. Hata hapa kwetu Kilwa Kisiwani, sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan zina Kiarabu, tena chenye vina, upande mmoja ukijibu mwingine. Biashara ya dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilitaka maandishi ambayo mgeni angeyasoma. Leo mgeni huyo anasoma Kiingereza. Ukimfundisha mwanangu hesabu kwa Kiswahili tu, chuo kikuu atafanyaje?

Mchangiaji, Masasi

Nami naongeza, kaka. Unasema "lugha yetu", lakini huku vijijini mtoto anaanza na Kimakua au Kiyao, na wewe huko Newala ni Kimakonde. Kiswahili chenyewe wengine wanakikuta shuleni.

Mleta mada

Ahsanteni. Nikianza na dada wa Masasi: ni kweli. Ila mtoto huyo amepita darasa la kwanza hadi la saba akijumlisha na kugawanya kwa Kiswahili, na bei sokoni anazisikia kwa Kiswahili. Kumtoa hapo ghafla kidato cha kwanza ni kumpa mizigo miwili kwa siku moja.

Mzee wa Kilwa, hoja ya Leonardo ni nzito, shikamoo yako. Lakini tazama kilichofuata. Kitabu kilikuwa cha Kilatini, ila miji ya Italia ilifungua shule za hesabu kwa watoto wa wafanyabiashara, na mle walifundishwa kwa Kiitaliano chao: kubadilisha fedha, kugawana faida, kupiga riba. Hata Babeli, kulekule Iraq, pamoja na Kisumeri walichokaririshwa, mafumbo mengi ya hesabu yaliyobaki kwenye vibao yamesimuliwa kwa Kiakadi, lugha waliyoizungumza wakati ule. Lugha ya heshima ilibaki juu, lakini kazi ya kufikiri ilifanyika kwa lugha ya mwanafunzi.

Kiingereza sitaki kifukuzwe. Kifundishwe vizuri, kama somo, na mwalimu anayekimudu. Ninachotaka ni mtihani wa hesabu wenye maswali kwa lugha zote mbili, mtoto achague ya kujibia. Wenye hofu ya chuo kikuu, semeni: mpango huo mnaukataa kwa sababu gani?

Mchangiaji, Kilwa Masoko

Huo wa lugha mbili siukatai. Nauliza vitabu: nani ataviandika, na vitafika lini shule za Liwale?