Hita ya maji inavuja: tupeane uzoefu, hasa tunaochanganya maji ya DAWASA (mamlaka ya maji Dar es Salaam) na ya kisima

Mleta mada, Mbezi Beach
Wakuu, habari za jioni. Hita yangu ya lita 50 imeanza kuvuja, na jipsamu ya chini yake imeshapiga doa. Fundi wa kwanza kasema niitupe ninunue mpya. Wa pili kasema ni mpira wa elementi (ile koili ya kupashia maji) tu umechoka. Bei zao zimepishana kama mbingu na ardhi. Umeme nimeshauzima. Aliyepitia hili atuambie, alijuaje maji yanatokea wapi?

Fundi bomba, Tabata
Mkuu, kuzima umeme ndiyo hatua ya kwanza, na uzime kwenye breka, siyo swichi ya bafuni peke yake. Nyumba nyingi ninazoitwa nakuta wamekimbilia kufunga maji huku hita inawaka. Tanki likipungua maji, elementi inaungua. Halafu nyaya na themostati (kile kinachokata umeme maji yakishapata moto) ziko pale kwenye kifuniko cha chini, ambako ndiko maji hutiririkia. Mtu akigusa bomba la chuma anaweza kupigwa shoti akafa. Kwa hiyo umeme kwanza, ndipo ufunge koki ya maji baridi.

Kutafuta panapovuja mimi hufanya hivi. Nafungua kifuniko umeme ukiwa umezimwa, nakausha kote, navilingirishia karatasi ya chooni viungo vyote, kisha narudisha maji na kusubiri. Karatasi itakayolowa ya kwanza inakuonyesha mahali. Ikiwa ni kwenye nati, ni suala la tepu nyeupe ya kuzibia uzi au fleksibo (bomba laini la kuunganishia) mpya. Ikiwa ni kuzunguka elementi, ni mpira. Ila ukiona viungo vyote vikavu na maji ya kutu yanachuruzika kutoka ndani ya ganda, tanki limetoboka. Hapo asikudanganye mtu kwamba atachomelea. Yale matanki ya chuma yamepakwa enameli (utando mgumu kama kioo) kwa ndani, moto wa kuchomelea unaipasua, na baada ya muda mfupi litavuja pembeni ya kiraka.

Mama wa Kigamboni
Sisi huku ni kisima, na maji yake yana chumvi. Hita ya kwanza ilitoboka tukiwa bado tunaiita mpya. Fundi alipoifungua alinionyesha kitu ambacho wauzaji hawakunitajia kabisa: fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani ya tanki. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki. Yetu ilibaki waya mtupu. Hita ya pili tumeiwekea utaratibu wa kufunguliwa kila mwaka, fimbo ikaguliwe na magadi yaliyoganda kwenye elementi yatolewe. Fimbo tulizipata Gerezani, Kariakoo. Wenye visima jamani, msingoje mpaka ivuje.

Mpangaji, Sinza
Yangu ilikuwa inadondosha maji kwenye ile valvu ndogo ya usalama, tena ikiwashwa tu. Ikipoa, kimya. Fundi aliyeletwa na mwenye nyumba alitaka kuiziba kwa plagi ya chuma, kaka yangu akamzuia, na namshukuru mpaka leo. Maji yakipashwa yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 25 kufika 65 zinaongezeka karibu lita moja, na kama valvu hairuhusu maji kurudi nyuma, lazima hiyo ziada itokee pale. Ukiziba, na siku hiyo themostati ikagoma kukata, tanki linaweza kupasuka. Tuliweka mpira mwembamba wa kupeleka matone kwenye shimo la bafu, basi.

Fundi bomba, Tabata
Dada wa Sinza umesema kweli. Niongeze tu kwamba ikidondosha muda wote hata hita ikiwa baridi, valvu imechakaa au presha ya maji ni kubwa mno. Angalia pampu yako.

Mdau, Kimara
Kwetu ilikuwa hiyo presha. Pampu ilisukuma moja kwa moja kwenye hita, fleksibo zikawa zinapasuka. Tulipoihamishia pampu kwenye simtanki la juu ya paa, mateso yaliisha.

Mleta mada, Mbezi Beach
Wakuu, asanteni sana. Karatasi iliyolowa ni ya kwenye elementi, zingine zote kavu. Yaani nilikuwa natupa hita nzima kwa sababu ya mpira! Fundi anakuja Jumamosi. Mama wa Kigamboni, naomba kuuliza: fimbo ya hita yoyote inaingia?

Mama wa Kigamboni
Hapana mwanangu, uzi na urefu vinatofautiana. Hita nyingi ndogo fimbo imefungwa kwenye sahani ileile ya elementi, kwa hiyo akifungua kubadili mpira ataiona. Mwambie aitoe, uende nayo dukani mkononi.

Fundi bomba, Tabata
Na akimaliza, ajaze tanki mpaka maji yatoke mfululizo kwenye bomba la moto bila kukohoa hewa. Ndipo awashe breka.