Miradi ya maji milimani inauawa kwenye karatasi, lawama anabebeshwa mwanakijiji

Wakuu, uzi huu ni mrefu na umeandikwa kwa hasira. Anayetaka habari nyepesi apite tu, hatutagombana.

Kila ripoti ya mradi uliokufa huko juu ina ule mstari wake: "wananchi hawana utamaduni wa kutunza miundombinu." Anayeuandika ni mtu aliyepanda siku ya kukata utepe, akampiga picha mtoto anayekinga maji kwa ndoo, akawahi kushuka kabla wingu halijakaa vibaya. Masika mawili yakipita, bomba limepasuka, vilula (vituo vya bomba vya kuchotea maji) vimekauka, kina mama wamerudi korongoni na madumu ya lita 20 kichwani. Dumu hilo ni kilo 20, na linapandishwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili. Halafu eti wao ndio walioharibu!

Maji ya mserereko ndiyo mradi rahisi kuliko yote. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna bili ya umeme. Chanzo kiko juu, watu wako chini, mlima unafanya kazi bure. Malawi walianza Chambe, chini ya mlima Mulanje, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanavijiji wakichimba mitaro wenyewe. Kwa hiyo msituambie haiwezekani. Kinachoua ni kuchukua mchoro wa tambarare na kuubandika mlimani.

Anzeni na chanzo. Chemchemi inapimwa kwa ndoo na saa, haihitaji shahada. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, una nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kijiji cha watu 1,000 kinapata lita 43 kwa kila kichwa, watu wanapiga makofi, mkataba unasainiwa. Ila ndoo hiyo ilijazwa mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Irudisheni pale pale mwisho wa kiangazi, na ikichukua sekunde 100 msishangae: zimebaki lita 17,280, watu wale wale sasa wana lita 17, na bado hujatoa yanayovuja njiani. Watu nao wanazaliana. Wakiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 hao 1,000 wamekuwa karibu 1,800, na kila mmoja hafikishi lita 10. Nani alipima mwezi ule? Mwanakijiji?

Hesabu ya tangi nayo ni hiyo hiyo. Chanzo hakilali. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, mkondo ule wa kiangazi, lita 0.2 kwa sekunde, unaleta lita 7,200. Mkandarasi kaweka tangi la lita 5,000 kwa sababu ndilo lililoingia kwenye gari. Lita 2,200 zinamwagika kila usiku, na asubuhi foleni ya ndoo inafika barabarani.

Sasa chemba ya chanzo, hapa naomba mnisome polepole. Jicho la chemchemi lina usawa wake wa asili. Ukijenga ukuta na kuweka bomba la kutolea maji juu ya usawa huo ili "tupate kimo kidogo zaidi", maji yanalazimika kusukuma udongo nyuma yake. Yatatafuta njia nyingine. Utakuta chemba nzuri imepigwa plasta, imefungwa kufuli, ndani kavu, na mita chache pembeni maji yanachuruzika kwenye majani. Ukishaipoteza njia ya zamani, kuirudisha ni bahati nasibu. Bomba la kumwagia ziada lazima liwe chini ya jicho, siku zote. Nyuma ya ukuta panapangwa mawe na kokoto safi, juu yake udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, na upande wa juu, mita 8 hadi 10 hivi, unachimbwa mtaro wa kuchepusha maji ya mvua. Mtaro huo ni kazi ya jembe tu. Ndio wa kwanza kusahaulika, na ndio sababu maji yanageuka rangi ya chai kila mvua inaponyesha.

Twende kwenye presha, maana hapo ndipo uhuni ulipojaa.

Kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita 140 juu ya kilula cha chini kabisa, bomba la pale chini linabeba baa 14 koki zote zikifungwa. Bomba limeandikwa ubavuni PN 10, maana yake limetengenezewa baa 10. Injinia anasema hesabu zake ziko sawa, na kwa namna yake anasema kweli: alipiga hesabu ya mchana, maji yakitembea, msuguano ukila sehemu ya presha. Usiku kila mtu kafunga koki, maji yamesimama, msuguano haupo, uzito wote wa mlima umekaa kwenye bomba. Ndiyo maana mabomba haya hupasuka usiku wa manane, tena upande wa chini. Na asubuhi mtu akifunga koki kwa pupa, mshtuko wa maji unaongeza juu ya hizo baa 14.

Dawa yake ni kisanduku cha zege chenye upana wa kama mita 1 kila upande, tangi la kupunguza presha. Maji yanaingia, yanakutana na hewa, presha inarudi sifuri, safari inaanza upya. Kwenye mteremko wa mita 140, kisanduku kimoja katikati kinakupa baa 7 juu na baa 7 chini, PN 10 inatosha na chenji inabaki. Ndani kuna koki ya boya inayojifunga kisanduku kikijaa, bomba la kumwagia ziada na tundu la hewa lenye wavu. Basi. Lakini fedha zikipungua ndicho cha kwanza kukatwa kwenye orodha ya vifaa, kwa sababu kwenye mchoro kinaonekana kama kiboksi tu. Na kikijengwa bila boya, au boya likikwama, kinamwaga usiku kucha hadi tangi la juu linakauka. Mwenye mradi anaambiwa "maji yameisha mlimani." Hayajaisha, yanamwagika porini mahali ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kuangalia.

Tena acheni kupima kimo kwa simu. Simu inaweza kukosea mita 10 hadi 20 bila aibu, na hizo ni baa 1 hadi 2.

Halafu hewa. Bomba milimani halishuki moja kwa moja, linapanda vilima vidogo na kushuka. Kwenye kila nundu hewa inakusanyika na kubana njia. Dalili zake ni koki kukohoa, kutema, kisha kutoa uzi mwembamba wa maji huku tangi limejaa pomoni. Nundu inatakiwa valvu ya kutolea hewa, na bonde linatakiwa valvu ya kutolea tope. Zisipowekwa, kuna mwanakijiji atapanda na msumari, atatoboa juu ya nundu, hewa itatoka kwa mluzi na maji yatafika chini siku hiyo hiyo. Ripoti inamwita mharibifu. Jamani, huyo ndiye aliyemwonyesha injinia mahali valvu ilipotakiwa kukaa! Tatizo la tundu lake ni kwamba mkondo ukipungua linanyonya matope ndani. Kosa ni la aliyepita hapo na bomba bila kuangalia ardhi inavyopanda.

Kuhusu mtaro sitamaliza maneno. Bomba linataka kina cha sentimita 60 hadi 100. Wakifika kwenye mwamba wanalilaza juu, wanafunika na majani. Plastiki nyeupe ikikaa juani inapauka na kuwa kavu kama ganda la yai, kwato moja la ng'ombe linatosha. Penye mwamba pawekwe bomba la chuma lililofungwa kwa vibano, au bomba jeusi la plastiki laini, tunaloita mpira, ambalo angalau linavumilia jua na kupinda. Na mafundi waachiwe viungo vya kukaza kwa mkono, maana mashine ya kuunganisha mpira kwa moto inataka umeme ambao haupo.

Ugonjwa huu wa hesabu za bondeni unaingia hadi zahanati, na huko hausemwi kabisa. Chukueni chungu cha presha cha kutakasia vifaa. Maelekezo yanasema presha ya pauni 15 kwenye geji, dakika kadhaa, vifaa vimefika nyuzi 121. Ni kweli kwenye usawa wa bahari. Geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje, na huko juu hewa ya nje ni nyepesi. Kanuni ya kawaida ni kuongeza nusu pauni kwa kila mita 300, kwa hiyo kwenye mita 2,400 unatakiwa usome 19. Anayesoma 15 ana vifaa vilivyofika kama nyuzi 117, na karatasi ukutani inamwambia amefanya sawasawa. Nani kabadilisha karatasi hiyo? Maji ya kunywa nayo: kwenye mita 2,500 yanachemka karibu nyuzi 92. Yanafaa, lakini mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka yachemke dakika 3 ukipita mita 2,000, wakati chini ni dakika 1. Kuni za dakika hizo 2 za ziada kila siku hakuna anayezihesabu.

Chanjo ndiyo inauma zaidi. Kila mtu anaogopa joto, kwa hiyo sanduku linashindiliwa pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye friza, halafu linapandishwa pikipiki kwenda mahali ambapo usiku baridi inakaribia sifuri. Chanjo ya homa ya ini B, ya pepopunda na ile ya mchanganyiko wa chanjo tano zinataka nyuzi 2 hadi 8. Zikiganda zimekufa, na kwa macho hutajua. Pakiti inatakiwa iachwe mezani hadi ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo iingie sandukuni. Mwenye mashaka achukue chupa ya aina ile ile na toleo lile lile, aigandishe makusudi, aiyeyushe, azitikise zote mbili na kuziweka pamoja. Iliyoganda inashuka mashapo haraka. Kama yenu inashuka vivyo hivyo, msiitumie. Na jenereta mnazoleta, zile za injini ya kawaida, zinapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mkiona taa za chumba cha kujifungulia zinafifia, msimkaripie mlinzi.

Majiko banifu sitayapigia kelele sana. WHO inakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, hivyo nia ni njema. Ila mafiga matatu huko juu yanapika na pia yanapasha nyumba joto. Jiko linalofungia joto lote chini ya sufuria linawaacha watoto wakitetemeka, na jioni mafiga yanawashwa tena pembeni. Mnapata mioto miwili badala ya mmoja. Jengeni lenye bomba la moshi linalopita ndani ya ukuta mnene au benchi la udongo, joto libaki ndani na moshi utoke.

Barabara nitasema moja tu. Greda likipita kila mwaka linakwangua katikati, barabara inazama chini ya kingo zake na kuwa mto. Mgongo unatakiwa uinuke asilimia 4 hadi 6 kwenda katikati, na penye mwinuko mkali mifereji ya kuchepusha ikatwe karibu karibu, kila mita 20 hivi. Mwinuko ukizidi asilimia 12, kifusi kitaondoka tu. Pigeni zege nyayo mbili za magurudumu, muache kutupa kokoto mtoni.

NYONGEZA: Naona wanaouliza "kwani wasihamie bondeni?" Mkuu, maji ya bondeni kwako yanaanzia huko juu. Na mababu hawakupanda kwa ujinga: joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, vimelea vya malaria karibu havikui ndani ya mbu.

NYONGEZA 2: Mnaouliza kamati ya maji ya kijiji ifanye nini kabla ya kupokea mradi. Dai mchoro wa wasifu wa mstari mzima, unaoonyesha kila nundu na kila bonde, na uandikwe presha ya maji yakiwa yamesimama. Dai vipimo vya chanzo vya mwisho wa kiangazi, vyenye tarehe. Dai spana, viungo na mita kadhaa za bomba la akiba, vibaki kijijini na siyo stoo ya mkandarasi. Kisha fungeni geji kwenye kilula cha chini kabisa, jazeni tangi, fungeni koki zote saa 2 usiku, na mkandarasi alale hapo hapo. Asubuhi someni geji, halafu someni namba iliyoandikwa ubavuni mwa bomba. Geji ikisema 14 na bomba likisema 10, rudisheni kalamu mfukoni.