MREJESHO: Begi la lita 20 Mlima Meru, limetosha

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kama naweza kupanda Meru siku nne na begi dogo la lita 20 bila mpagazi, mkanijibu nianze kwa kupunguza vitu vyenyewe, sio kuhangaika na kubana, na kweli hapo ndo nilikuwa nakosea.

Hema sikubeba kwasababu pale unalala kwenye vibanda, Miriakamba halafu Saddle. Kilichonisumbua ni slipingi begi (mfuko wa kulalia), nilikuwa naisokomeza kwenye kile kifuko chake inakuwa mpira mgumu, pembeni inaacha matundu ya bure kabisa. Aliyesema niitoe niijaze huru chini ya begi, ndani ya mfuko mzito wa nailoni, Mungu akubariki, ikajaa mpaka kwenye kona na nafasi ikabaki ya jaketi na sweta! Soksi na glavu nikazichomeka ndani ya sufuria, koti la mvua juu kabisa maana msituni kunanyesha muda wowote, chupa mbili za maji za lita moja mifuko ya pembeni.

Suruali za jinzi niliziacha nyumbani, na sikuzikumbuka hata mara moja.

Ila usiku wa kwenda kileleni, zaidi ya mita 4,500, baridi ilinipiga vidole vibaya mno, glavu nyepesi hazifai jamani. Hapo msibane nafasi, bebeni nzito.