Nibadilishe pini za kitasa au ninunue kitasa kipya?

Mhamiaji
Wakuu, habari zenu. Nimehamia nyumba iliyokwisha kukaliwa na watu wengine. Nimekabidhiwa funguo mbili kwa kila mlango, ila zimechongwa nakala ngapi na ziko mifukoni mwa nani, hakuna anayejua. Vitasa vyote vinafunga na kufungua. Mlango wa mbele una silinda (kile kiini kinachotiwa ufunguo), wa nyuma una kitasa cha zamani cha ufunguo mrefu wenye meno mwishoni, na wa stoo ni kile cha duara chenye tundu la ufunguo katikati ya kishikio. Fundi wa kwanza kasema ng'oa vyote. Wa pili kasema atabadilisha pini tu na funguo za zamani hazitafungua tena. Nimwamini nani?

Bisibisi
Mkuu, una milango mitatu yenye vitasa vya aina tatu, kwa hiyo usitegemee jibu moja.

Nianze na pini. Ndani ya silinda kuna kipande kinachozunguka pamoja na ufunguo. Kina vitundu, mara nyingi vitano au sita, na kila kitundu kina pini ya chini, pini ya juu na springi. Ya chini inakaa kwenye meno ya ufunguo, ya juu inasukumwa na springi na kukizuia kile kipande kisizunguke. Ufunguo sahihi unaziinua zote mpaka maungio ya kila jozi yalingane na ukingo wa kipande, hapo kinazunguka. Linus Yale Jr. alipata hataza ya kitasa cha namna hii Marekani mwaka 1861, na hadi leo ndio mfumo uliojaa milangoni.

Fundi wa pili anachotaka kufanya ni kutoa pini za chini na kuweka za urefu mwingine zinazofuata ufunguo mpya. Ufunguo wa zamani utaingia vizuri tu, lakini hautazunguka. Mlango hautobolewi na rangi haiguswi. Mwenye vifaa anamaliza upesi. Asiye navyo, akichomoa kile kipande bila kijiti cha kukifuata nyuma, springi zinarukia chini ya kochi na jioni yake imeharibika.

NgomeYangu
Mimi naungana na fundi wa kwanza. Kitasa kimekaa miaka, ulimi umelika, skrubu zimelegea, halafu unaweka pini mpya ndani ya mwili mchovu? Nunua kipya ulale.

Bisibisi
Ndugu, uchovu unapimwa, haukisiwi. Ufunguo ukichomoka kabla haujarudi mahali pake, au kila siku ni kuutikisa ndipo ushike, kitasa kimelika na pini mpya hazitakiponya. Nakubaliana nawe hapo.

Ila kabla ya kukihukumu, zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka laini mlango ukiwa wazi na kuwa mgumu ukishafungwa, kitasa hakina kosa. Mlango umeshuka kwenye bawaba, au lile bati la fremu linalopokea ulimi halijakaa sawa. Ukinunua kitasa kipya hapo, ugumu utakuwa uleule. Na tafadhali, wenye tabia ya kumimina mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo, acheni. Yananata na kukusanya vumbi. Tumieni unga wa grafaiti.

MamaJengo
Mbona mnambishia mwenzenu kana kwamba njia ni mbili tu? Mhamiaji, angalia ubavu wa huo mlango wa mbele. Ukiona skrubu moja usawa wa tundu la ufunguo, silinda yako inachomoka peke yake. Fungua skrubu hiyo, tia ufunguo, uzungushe kidogo mpaka kile kijino cha katikati kijifiche ndani ya mwili wa silinda, kisha vuta. Unatia nyingine, na kitasa, mikono na ulimi vinabaki vilivyo. Kwa mlango wa namna hiyo sioni sababu ya kuhangaika na pini, wala ya kung'oa kitasa kizima.

Cha kuwa makini nacho ni kipimo. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi ncha ya nje, kisha hadi ncha ya ndani. Pande mbili si lazima zilingane, na wengi hurudi dukani kwa sababu walipima urefu wote kwa pamoja. Kwa nje silinda isichomoze zaidi ya milimita 3 hivi kupita bamba la kitasa. Ikichomoza, mwizi anaishika kwa koleo na kuivunja pale kwenye tundu la skrubu, sehemu nyembamba kuliko zote. Ziko silinda zilizotengenezwa zikatike kipande cha mbele tu huku sehemu inayofunga ikibaki salama. Kwa mlango wa mbele, chukua hiyo.

Mhamiaji
Asante sana mama, skrubu ipo. Na ule wa nyuma?

Bisibisi
Ule hauna pini. Ndani yake kuna vibati vinavyoinuliwa na meno ya ufunguo. Kuvipanga upya kunawezekana, lakini kwa kitasa cha kawaida kazi inazidi thamani ya chombo. Badilisha chote, na hapo NgomeYangu ameshinda. Nenda na cha zamani mkononi, au pima urefu wa sanduku lake, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na umbali kati ya tundu hilo na mhimili wa mkono. Vikilingana, kipya kitaingia shimo lilelile. Tafuta cha vibati vitano, maana vya viwili au vitatu ni vya milango ya vyumbani. Vitasa vya vibati vinavyokidhi kiwango cha Uingereza cha BS 3621 kwa kawaida huwa na vitano au zaidi, na ulimi wake hutoka angalau milimita 20.

Cha stoo, kama hakijalika, badilisha pini.

Kapteni_Stoo
Swali dogo: hawezi kufanya ufunguo mmoja ufungue mbele na stoo?

Bisibisi
Anaweza, mradi ufunguo mmoja uingie kwenye matundu yote mawili, yaani mifereji yake ifanane. Hapo pini zinapangwa kufuata ufunguo mmoja. Usichanganye na ufunguo mkuu, ule unaofungua milango yote wakati kila mlango una wake. Huo unahitaji pini ndogo za ziada katikati ya zile jozi, hivyo michanganyiko inayofungua kila silinda inaongezeka. Ofisini unafaa. Nyumbani unajipunguzia ulinzi bila sababu.

NgomeYangu
Nimekubali yaishe. Lakini hata silinda ya kifalme haisaidii kama bati la fremu limeshikwa na skrubu fupi. Teke moja, fremu inapasuka na kitasa kinabaki kizima kikishangaa. Weka skrubu ndefu, milimita 75 hivi, zipenye fremu hadi kwenye kitu kigumu nyuma yake.

Mpangaji_wa_Kudumu
Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza, kisha ihifadhi silinda ya zamani na funguo zake. Siku ya kuhama unairudisha na kuondoka na yako.

Kapteni_Stoo
Na vitasa vya namba za siri?

MamaJengo
Ni raha kwa anayekaribisha wageni wengi, maana unafuta namba bila kumwita fundi. Ila vingi bado vina tundu la ufunguo wa dharura, na swali la nakala linarudi palepale. Betri nazo ni zako kuzikumbuka.

Mhamiaji
Nimepima silinda ya mbele: ndani 40, nje 45, na kwa nje inachomoza milimita 5.

MamaJengo
Basi chukua 40 kwa 40, kwa nje itakuwa sawa na bamba. Kama hakuna kioo karibu ambacho mtu anaweza kukivunja na kupitisha mkono, chagua yenye kitufe cha kuzungusha upande wa ndani. Moto ukitokea usiku hutakuwa unatafuta ufunguo gizani. Ukishaifunga, jaribu funguo zote mpya mlango ukiwa wazi, kabla hujaubamiza ukiwa nje.

Mhamiaji
Shukrani. Ya pini za stoo namwachia fundi wa pili. Yule wa kwanza nitampa mlango wa nyuma, asinune.