Mtoto hakohoi kwa hiyo hana TB?? Miezi mitano napewa dawa za minyoo tu!

Wakuu nina hasira mnisamehe nikiandika ovyo.

Binti yangu ana miaka minne. Ilianza usiku, kalala vizuri ghafla anapiga yowe kashika mgongo, asubuhi anacheza kama kawaida. Bibi yake akasema mchango. Zahanati wakasema minyoo, nikarudi wakasema UTI, nikarudi tena taifodi, sindano siku tano. Na kila nikienda swali ni lilelile, mama mtoto anakohoa? Hakohoi. Basi, TB ishafutwa hapo.

Siku moja kadondosha mia mbili sakafuni. Hakuinama! Alichuchumaa mgongo umenyooka kama ubao, akaokota, akanyanyuka anajikongoja kwa kushika mapaja kama kikongwe. Namwambia daktari ananijibu watoto wa siku hizi wanadeka. Anadeka!!

Mpaka siku namuogesha mkono ukapita kwenye kinundu katikati ya mgongo. Nikakopa nauli nikaenda hospitali kubwa, daktari mmoja kijana wa watu akamwambia tu okota peni, akaandika eksirei palepale. Pingili mbili zimelika zimekaliana, TB ya uti wa mgongo, ningezubaa zaidi angeweza kupooza miguu.

Kilichonimaliza ni alipouliza nyumbani kuna aliyetumia dawa za TB. Babu yake! Kamaliza dozi mwaka jana, dawa alikuwa anachukua zahanati HIYOHIYO. Hakuna aliyekuja kutupimia watoto wala kutuambia wenye chini ya miaka mitano wanapewa dawa za kinga.

Na msije na BCG, chanjo ya TB, alichanjwa, kovu lipo begani. Chanjo inamkinga zaidi na ile kali ya utotoni, siyo kila TB. Makohozi nayo mtoto mdogo anayameza, ndio maana siku hizi hata choo kinapimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, ila nani atakiagiza kama TB haijamjia kichwani? (Jirani naye kawakataza wanawe kucheza naye, wakati ya mgongo peke yake haiambukizi kwa kucheza.)

Sasa ni wiki ya sita, vidonge vinayeyuka kwenye maji vina ladha ya matunda anakunywa mwenyewe, bado mpaka miezi 12. Dawa bure, sawa. Kinundu je, kitaondoka?

Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya akasikilizwa? Barua naandikaje, kadi zote za kliniki ninazo.