Majibu ya damu yana herufi H na L, na mimi sijisikii kuumwa. Nishike lipi?

Kabati_Ghorofa3:
Wakuu, salamu. Mimi ni mwanaume, miaka 36, siumwi popote. Nilipima damu kwa ajili ya uchunguzi wa kila mwaka wa kazini. Majibu yameingia kwenye simu Ijumaa jioni, daktari nitamwona Jumatano. Mistari mitano imekolezwa wino, na pembeni kuna herufi, H (juu) au L (chini):

WBC (chembe nyeupe) 3.4, L. Kawaida 4.0 hadi 10.0
Neutrofili (aina ya chembe nyeupe) 1.6, L. Kawaida 2.0 hadi 7.0
AST 79, H. Kawaida isizidi 40
ALT 58, H. Kawaida isizidi 41
Potasiamu 5.4, H. Kawaida 3.5 hadi 5.1

Mengine yote, sukari, himoglobini, chembe sahani (za kugandisha damu), kreatinini (kipimo cha figo), yako sawa. Usiku nikaingia mtandaoni. Kufika saa nane nilikuwa nimeshajigawia saratani ya damu, homa ya ini na figo mbovu. Mke wangu akaniambia zima simu ulale. Simu niliizima, usingizi haukuja. Mwenye uelewa anisaidie: hii "kidogo juu, kidogo chini" ni ugonjwa au siyo?

Mzee_wa_Darubini:
Pole mkuu. Niko maabara mwaka wa 19 huu. Kabla sijasema lolote nijibu matatu. Siku mbili tatu kabla ya kipimo ulifanya kazi gani nzito? Walipokutoa damu ulikunja ngumi? Na karatasi za miaka ya nyuma unazo?

Kabati_Ghorofa3:
Mzee wangu, kama vile ulikuwepo. Jumapili nilihama, nikapandisha makabati ghorofa ya tatu na shemeji yangu, Jumanne nikapima. Mishipa yangu inajificha. Dada aliyenitoa damu alifunga mpira akawa ananiambia kunja, fungua, kunja, fungua, nikawa kama nakamua nguo iliyoloa. Akakosa mara ya kwanza, akachoma tena bila kuulegeza mpira. Karatasi za zamani sijui ziliko.

Mzee_wa_Darubini:
Basi zitafute, maana hizo zina thamani kuliko maoni yangu.

Tuanze na hiyo "kawaida". Wanachukuliwa watu wazima wa afya, wanapimwa, halafu inakatwa asilimia 2.5 ya chini kabisa na 2.5 ya juu kabisa. Asilimia 95 ya katikati ndiyo inaandikwa kwenye karatasi yako. Kwa hiyo kwa kila kipimo, mmoja kati ya 20 wasioumwa chochote anabandikwa herufi. Karatasi ikiwa na vipimo 20 vinavyojitegemea, uwezekano wa mzima kupata angalau herufi moja ni kama asilimia 64. Vingi havijitegemei kihivyo (AST na ALT hupanda pamoja kama ndugu), lakini umenielewa. Na si kila mpaka umewekwa hivyo. Sukari ya kufunga ikiwa 7.0 au zaidi, ikarudiwa ikawa vilevile, huo ni mpaka wa ugonjwa, hapo hakuna hesabu ya asilimia 95.

Sasa potasiamu. Nyingi inakaa ndani ya seli. Mkono ukifungwa na wewe unakunja ngumi, misuli inaitoa na kuimwaga kwenye damu ileile inayovutwa. Chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuvuta, au tyubu ikikaa muda mrefu kabla ya kufika kwetu, inapanda pia. Nimeshaona mtu anaambiwa figo zimekufa kumbe ni sindano. Pamoja na hayo, katika mitano yako hii ndiyo ningeirudia kwanza, kwa sababu ikiwa ya kweli na ikaendelea kupanda inaharibu mapigo ya moyo. Jumatano usiingoje, piga simu kesho uulize. Unatumia dawa ya presha? Baadhi zinaipandisha.

AST na ALT watu huziita vipimo vya ini, lakini misuli nayo inazo, hasa AST. Mtu asiyezoea kubeba mizigo akibeba kweli, zinaweza kubaki juu wiki nzima. Yako AST ndiyo imetangulia. Omba wapime na CK, kimeng'enya cha misuli. CK ikiwa juu, mtuhumiwa ni kabati.

Tiba_Halisi:
Hilo ini limejaa sumu ndugu. Ninayo dawa ya kulisafisha siku 14, nitumie ujumbe faragha.

Sista_Zamu:
Kabati, usimeze kitu. Mitishamba mingi na vidonge vya kujenga misuli ni miongoni mwa vitu vinavyopandisha hizohizo AST na ALT. Nimewauguza watu waliokuja na namba ndogo kama yako wakarudi na macho ya njano baada ya "kusafishwa". Na kama kuna kitu unatumia tayari, hata vitamini, mwambie daktari. Biotini ya nywele na kucha, kwa mfano, inavuruga baadhi ya vipimo vya tezi ya thairoidi.

Kuhusu chembe nyeupe: watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache kwenye damu na wanapambana na maambukizi vizuri kabisa. Ni urithi, unaambatana na kutokuwa na alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu, hali ileile inayofanya aina ya malaria iitwayo vivaksi ishindwe kuingia kirahisi. Viwango vingi vilivyomo kwenye mashine vilitokana na watu wa asili ya Ulaya, ndiyo maana unapewa L ambayo kwako huenda ndiyo kawaida. Hata hivyo daktari anaweza kutaka kipimo cha VVU na kurudia baada ya wiki kadhaa. Mkubalie tu, hiyo ni kawaida ya kazi. Homa zisizoisha, kupungua uzito, kutoka jasho usiku, tezi zimevimba, fizi kuvuja damu, una lolote kati ya hayo?

Kabati_Ghorofa3:
Hapana dada, hata moja. Dawa ya presha situmii. Vitamini pia hapana.

Mama_Wawili:
Samahanini, msimfariji kupita kiasi. Baba yangu himoglobini ilikuja 12.4, mpaka wa mwanaume ni 13. Akaambiwa ni umri huo mzee, kidogo tu. Hakuna aliyeuliza ya zamani ilikuwa ngapi. Mimi ndiye niliyefukua karatasi kabatini: miaka mitatu nyuma ilikuwa 14.9. Tukang'ang'ania. Feritini ikaja chini, yaani akiba ya chuma imekwisha, na mwanaume haishiwi chuma hivihivi. Kuingiza kamera kwenye utumbo mpana wakakuta kivimbe kinavuja damu taratibu. Kilitolewa, mzee yupo. Lakini hiyo "kidogo" ingetuponza.

Mzee_wa_Darubini:
Mama Wawili, hapo sina la kubisha. Na kuna la kutisha zaidi: namba isiyo na herufi kabisa. Kreatinini ya mtu mmoja ikitoka 62 ikaja 78 ikaja 97, mashine haitoi H hata mara moja, na bado figo zinataka kuangaliwa. Mashine hailinganishi wewe na wewe. Ndiyo maana nilimwambia atafute karatasi.

Mchelewaji:
Mimi chembe sahani zilisoma 60, nikaandika wosia. Kumbe damu yangu inagandana kwenye ile tyubu yenye kifuniko cha zambarau, mashine inahesabu kifungu kizima kama chembe moja. Wakatumia tyubu ya aina nyingine ikaja 212. Wosia bado upo, wadogo zangu wanaujadili.

Kabati_Ghorofa3 (baada ya siku 19):
Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Potasiamu niliirudia Jumatatu ileile: 4.3. Daktari alisema AST na ALT tusizikimbilie, nipumzike kubeba vitu wiki mbili. Jana zimekuja 29 na 34, CK nayo iko ndani ya kiwango. VVU hakuna. Chembe nyeupe hazijasogea, ni 3.3, neutrofili 1.5. Karatasi ya zamani nimeipata ndani ya faili la kuombea kazi, ya miaka sita nyuma: 3.5. Daktari akaiweka pembeni ya hii mpya, akazitazama, akaandika kwenye faili langu "kiwango chake". Tutapima tena mwakani, au mapema nikipata homa.

Jana aliyenitoa damu ni yule yule dada. Alifunga mpira, nikaanza kukunja ngumi kwa mazoea. Akanishika vidole akavinyoosha. "Tulia tu," akasema, na damu ilipoanza kuingia kwenye tyubu akaufungua mpira.

Sista_Zamu:
Huyo dada nadhani anausoma uzi huu.