Naomba ushauri: kupima kama sapropterini inamfaa mtoto mwenye fenilketonuria

Ndugu wanachama, ninaishi Kisumu na binti yangu ana fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ushindwe kuvunja fenilalanini iliyomo katika protini, ndiyo maana tunamwepusha na omena, maharagwe na maziwa ya ng'ombe. Daktari amependekeza tumjaribu kwa sapropterini, dawa inayowasaidia baadhi tu ya wagonjwa, akieleza kwamba damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha mara kadhaa akiendelea kumeza hadi miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na kwamba fenilalanini ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi, ndipo huhesabiwa kuwa dawa imemkubali.

Wasiwasi wangu mkubwa ni chakula. Kwa kuwa mlo haupaswi kubadilika muda wote wa jaribio, nizungumze vipi na nyanya yake, ambaye humchambulia mtoto samaki kwa upendo, akiamini kwamba tunamnyima? Na je, akishikwa na homa katikati, nayo homa hupandisha fenilalanini, tuendelee au tusubiri apone? Waliopitia kipimo hiki, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi mliyapeleka wapi, na majibu yalichukua muda gani?